Kamba ya Waldi

Mbwa alikuwa mbele hatua arobaini.

Domitila alikuwa nyuma yake, kaniki ameikunja hadi magotini, kisu cha Solingen kiunoni, matope yakimng'ang'ania miguu kama mtoto anayekatazwa kumfuata mama shambani.

Matete yakafunguka. Yakafunga.

Mkia wa rangi ya kutu ukaonekana, ukazama.

"Waldi."

Mbwa hakugeuka. Alikuwa mbwa wa Ulaya, mrefu kama mchi uliolazwa, miguu mifupi kama ya kigoda, na hakuwa na desturi ya kuitikia wito wa mwanamke wa Kipogoro.

Ng'ambo ya maji, kwenye ukingo wa Kivukoni, kioo cha Wajerumani kilimeta mara moja. Mmeto mmoja maana yake mitumbwi ya askari imeondoka kuja kisiwani. Miwili, imefika. Mitatu, waliotakiwa wamekwisha kutolewa, na bombom, bunduki zao za mfululizo, zianze.

Bombom zilikuwa mbili. Zikianza, kitakachobaki kisiwani kitakuwa mali ya kunguru.

Domitila aliongeza mwendo. Mbwa akipotea, baba yake anakufa. Mambo yalikuwa mafupi hivyo, kama miguu ya mbwa mwenyewe.

Lakini baba wa mtu na mbwa wa mtu walifungwaje kwenye kamba moja? Turudi nyuma wiki sita.

*

Ifakara, Juni 1906.

Mafuriko yalikuwa yanarudi mtoni na kuacha samaki wamekaa kwenye mpunga kama wageni waliosahau njia. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimevunjwa mgongo, ila mkia ulikuwa bado unapiga. Mume wa Domitila alikuwa amekunywa maji, akaenda Mahenge na wenzake, bombom ikamjibu. Hakuna aliyerudisha hata kipande cha nguo yake. Tangu hapo Domitila alikula kwa sababu jua limefika mahali pa kula, akalala kwa sababu limezama.

Wajerumani walimpa kazi ya ujasusi kwa kuwa aliuza vyungu. Muuza vyungu hupita popote. Hata adui hupika. Tena alijua kusoma, mapadri walimfundisha. Alipoulizwa kama atakubali, hakuona tofauti kubwa kati ya ndiyo na hapana, akasema ndiyo kwa kuwa ni fupi.

Kwenye daftari la boma aliitwa Chungu Tatu. Chungu Moja na Chungu Mbili walikuwa wamekwisha kuvunjika.

Asubuhi hiyo aliitwa hemani. Luteni hakuwepo. Alikuwepo karani wake, Ildefonce, kijana wa misheni mwenye kalamu ya Faber sikioni na tai shingoni katika joto lile.

"Karibu, dada Chungu. Kuna mzungu amepotea."

"Wapo wengi. Huyu amepotea vipi?"

Ildefonce alifungua gazeti. Lilikuwa *Tarishi wa Pwani*, la Dar es Salaam, limekuja na mkimbiaji kutoka Kilosa. Akalisoma kwa Kijerumani, akalitafsiri, kidole kikifuata mistari.

Bwana Lohse, mkusanya mende, alikamatwa karibu na Idete wakati ameinama juu ya kinyesi cha nyati akitafuta mende wa aina ambayo haijapata jina. Aliyemkamata ni Raimundi, mlanguzi wa baruti kutoka ng'ambo ya Ruvuma, kwa Wareno. Raimundi aliwauzia baruti wapiganaji, na wapiganaji wakikosa cha kulipia, aliwauzia Wajerumani habari za wapiganaji. Sasa anataka masanduku kumi ya risasi ndipo amwachie Lohse. Amemficha kisiwani, katikati ya bwawa la mto, mbele ya Kivukoni.

Safu nzima ilieleza shule aliyosoma Lohse. Safu ya pili ilikuwa maneno ya mama yake, yaliyokuja kwa waya. Ya tatu ilikuwa ya mbwa: umri wake, ukoo wake, na namna asivyopenda ngurumo.

"Na wale wanane?" Domitila aliuliza.

"Wanane gani?"

"Wapagazi saba wa Michenga na Idete, waliokamatwa naye. Na mfua chuma aliyetolewa kiwandani kwake akamtengenezee Raimundi bunduki. Severini. Ni baba yangu."

Ildefonce alipitisha kidole kwenye safu zote tatu, mpaka kwenye tangazo la bia.

"Hawamo."

"Hawamo kisiwani?"

"Hawamo gazetini."

"Mbwa yumo."

"Mbwa yumo," Ildefonce alikubali. Alikuwa kijana mkweli, na hilo lilimletea shida nyingi. "Sikiliza, dada. Gazeti linasomwa na watu. Msomaji wa Berlin akisoma habari za Lohse, anamwona mwanawe. Akisoma za Waldi, anamwona mbwa wake. Akisoma Severini wa Idete, haoni kitu. Ni kama kumwambia kipofu habari za rangi ya kanga. Mhariri anajua hivyo, kwa hiyo hamsumbui."

"Baba yangu ana watoto. Na mimi nina macho."

"Hununui gazeti."

Domitila alitazama tangazo la bia. Ndani yake palikuwa kimya, kama chungu kilichopinduliwa.

"Kuna jambo jingine," alisema Ildefonce, akapunguza sauti. "Luteni ana amri. Tukishampata mzungu, bombom zinapiga kisiwa chote. Serikali inasema kisiwani kuna mateka mmoja, na waliobaki ni adui."

"Nani aliiambia serikali kuna mmoja?"

Karani aligonga gazeti kwa kalamu.

Nje, askari wa vioo vya kupelekea habari kwa jua alikuwa anazungumza na mlima wa Mahenge. Mmeto kwa mmeto. Ildefonce alitoka akasoma kwa sauti, ndiyo kazi yake.

"Mahenge: LOHSE HAI."

"Ifakara: HAI."

"Mahenge: MBWA."

"Ifakara: HAI."

"Mahenge: VEMA."

Mlima ukanyamaza. Domitila alingoja kidogo, labda mlima ungekumbuka kitu. Kisha akainua vyungu vyake.

"Kazi yangu ni ipi?"

"Uende kisiwani, umwone Lohse, ulete habari zake. Mhariri anazitaka kila wiki. Anakula nini, analala wapi, nani anampikia. Wasomaji wanauliza sana."

Domitila aliweka vyungu chini tena.

"Nani anampikia?" alisema. "Wanataka kujua hata hilo?"

"Hilo ndilo la kwanza."

*

Mlinzi wa gati la kisiwa, mtu wa Raimundi, aliitwa Tadei, Mngoni aliyekimbia misheni kwa sababu ya kengele. Alikuwa na Mauser 71 iliyofungwa kwa ugwe, na njaa.

"Simama. Mpogoro wewe unaleta nini?"

"Vyungu. Na nyinyi Wangoni siku hizi mnapikia nini panya, au mnawatafuna wakikimbia?"

"Tunawapikia kwenye mafuvu ya Wapogoro, lakini ni madogo, hayatoshi."

"Basi pisha, mtani, nikuuzie chungu kikubwa."

Tadei alicheka, akapisha. Kwa watani, kupekuana ni kukosa adabu. Hivyo hakuona chungu cha tatu chenye matako mawili, na katikati ya matako hayo karatasi na kipande cha kalamu ya Faber.

Kisiwa kilikuwa nchi kavu kiasi cha mashamba mawili. Raimundi alikaa kwenye kibanda cha kwanza, mtu wa rangi ya maji ya kunde, ndevu fupi, bastola mkandani, akisoma *Tarishi wa Pwani* la wiki hiyo. Alilisoma kama mtu anayesoma bei za mnadani.

"Wiki iliyopita safu mbili, leo tatu," alimwambia Domitila, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kuongea naye. "Mzungu wangu ananenepa gazetini. Ningejua, ningeomba masanduku ishirini."

"Na wale wengine, Bwana? Unawauza bei gani?"

"Wale?" Raimundi aligeuza ukurasa. "Wale hawana safu."

Lohse alikaa kwenye kibanda cha pili na sanduku la mende mapajani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kama mtu aliyelala na macho wazi. Wanane walikaa nje juani. Waldi alilala kivulini.

"Bwana Lohse," Domitila alisema kwa Kijerumani cha misheni, "gazeti linauliza nani anakupikia."

Lohse alifikiri. "Uji unakuja tu."

"Hauji wenyewe, Bwana. Na wasomaji wakisikia huna mpishi, watafikiri umekaa hapa kama mbuzi."

Hilo lilimgusa. Alivuta shati lake. "Nani anauleta?"

"Klementina wa Michenga. Yule pale."

Lohse alitazama nje. Wiki mbili alikuwa amefungwa na watu wale, lakini sasa aliinua shingo kama mtu aliyeona mende mpya. "Klementina," alisema taratibu. "Andika."

Domitila akaandika. Nguo zake zilifuliwa na Melkiori. Mende walikamatwa na Kasmiri, ambaye alikuwa mpagazi wa hema na alichukia wadudu. Mwingine akawa mteka maji, mwingine mtandika kitanda ambacho hakikuwepo. Wa sita akawa mkata kuni. Wa saba hakubakiwa na kazi, wakampa mwavuli. Mwavuli ulikuwa umepotea Idete, lakini gazeti lisingeuliza.

Akamfikia baba yake.

Severini alikaa kwenye gogo, mikono magotini. Kucha ya dole gumba la kulia haikuwepo. Nyundo iliitoa kabla Domitila hajazaliwa. Kwa wiki mbili Raimundi alimtaka atengeneze bunduki, na kwa wiki mbili Severini alijibu kwamba moto haujakolea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unaandika nini, mwanangu?"

Akamweleza, yote, kwa sauti ya chini. Bombom. Gazeti. Majina: aliyemo gazetini atatolewa pamoja na mzungu.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kando yake Waldi aliamka, akaja taratibu. Severini aliokota kigae cha chungu, akakigonga mara mbili chini, tok tok, akaweka juu yake ngozi ya samaki, kitoga. Mbwa akala.

"Unamlisha mbwa wa mzungu," alisema Domitila.

"Mnyama hana kosa. Na ngozi siipendi."

"Basi nikuandike mtumishi wa Lohse. Neno tu, baba. Wino."

"Hapana."

"Wenzako wote wamekubali."

"Wenzangu ni vijana, wana miaka ya kusahau. Mimi nimefua majembe ya bonde hili miaka arobaini. Sitakufa nikiwa mpishi wa uji." Akasugua dole gumba. "Andika Severini, mfua chuma. Basi."

"Hawatachapa. Mfua chuma si wa mzungu."

"Basi wasichape."

Domitila alimtazama. Angelia, ila machozi yalikuwa yamekwenda Mahenge na hayajarudi. Akashika kalamu, akageuka kidogo ili mzee asione, akaandika mstari wa mwisho: *Mbwa Waldi yu mzima, na mlezi wake ni Severini.*

*

Habari zilikwenda. Mkimbiaji hadi Kilosa, waya hadi Dar es Salaam, waya wa baharini hadi kwa wenyewe Ulaya.

Wiki ya tano gazeti likarudi. Ildefonce alilifungua mezani kwa vidole viwili, kama mtu anayefungua jani la mgomba asijue kama ndani ni samaki au nyoka.

"Yumo Klementina," alisema. "Yumo Melkiori. Mkamata mende. Mwenye mwavuli. Saba wote, dada, na majina yao. Mama Lohse ameandika anataka Klementina apewe medali ya uji."

"Na wa mwisho?"

Ildefonce alisoma chini kabisa, pale safu ilipogusana na tangazo la bia.

"*Mbwa Waldi yu mzima, na mlezi wake.*" Akakohoa. "Wamekata jina. Nafasi imekwisha."

"Tangazo la bia lina nafasi."

"Bia inalipia."

Nje kioo cha Mahenge kilianza. Karani akatoka.

"Mahenge: TOA LOHSE ALHAMISI."

"Ifakara: NDIYO."

"Mahenge: TOA WATUMISHI SABA WALIOTAJWA. TOA MBWA NA MLEZI."

"Ifakara: NDIYO. WENGINE."

"Mahenge: HAKUNA WENGINE."

Domitila alisikiliza amesimama. Mlezi wa mbwa, asiye na jina. Nafasi moja iliyo wazi kama mlango, na yeyote aliyeshika kamba ya mbwa angeweza kupita. Jambo hilo lilikuwa zuri, mradi lisijulikane na mtu mwingine.

Alisahau kwamba kisiwani kulikuwa na mtu anayesoma gazeti kuliko mtu yeyote bondeni.

Jumatano alimpelekea Tadei chungu cha bure.

"Mtani, kesho alfajiri usiwepo hapa. Nenda kawinde panya."

"Panya gani wa alfajiri?"

"Wakubwa. Wako mbali sana."

Tadei aliutazama mto, kisha kisiwa. Kisha akakipokea chungu kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea zawadi ya msiba, na kesho yake hakuwepo.

*

Na hivyo Alhamisi asubuhi ikafika, na mbwa akakimbia.

Mambo yalianza vizuri. Mtumbwi wa kwanza ulileta masanduku kumi kisiwani. Watu sita wa Raimundi wakayabeba upesi, wakavuka kwa nyuma kuelekea Michenga. Hawakujua ndani kuna mchanga. Raimundi hakwenda nao. Alisema atawafuata.

Mtumbwi huohuo ulimrudisha Lohse, amekumbatia sanduku lake la mende. Mbwa alipaswa kufuata na watumishi. Ndipo mtu mmoja Kivukoni alipofyatua baruti ya furaha, na Waldi, kama gazeti lilivyokwisha kuutangazia ulimwengu, hakupenda ngurumo. Akakata ugwe.

Sasa Domitila alikuwa matetini na kioo kilikuwa kimeshameta mara moja.

Mbele maji yalikuwa meusi. Kitu kilichofanana na gogo kilikuwa kimelala ukingoni. Waldi alikwenda kukinusa.

Gogo likafumbua jicho.

Domitila aliruka. Hakumrukia mamba, alimrukia mbwa. Akamnyakua kiunoni, akaanguka naye ubavu. Taya zikafunga pale mbwa alipokuwa. Maji yakawarukia wote wawili. Mamba alirudi nyuma na kusubiri, kwa subira ya afisa.

Domitila alirudi mpaka nchi kavu, akakaa chini. Moyo haukwenda mbio. Aliusikiliza, akaona ajabu kidogo.

Akaunga ugwe wa Waldi. Ukanda wa shingo ulikuwa wa ngozi nzuri, umepigwa muhuri wa fundi wa Berlin. Aliufunga tena, tundu tatu nyuma ya pale ulipokuwa. Ulegee. Jasusi hufunga kitu akifikiria namna kitakavyofunguka.

Kioo kikameta mara mbili.

"Asante kwa kunishikia," sauti ilisema nyuma yake.

Raimundi alitoka matetini. Ndevu hazikuwepo. Alivaa kaniki iliyochanika ya mpagazi, miguu mitupu, matope usoni. Bastola aliifunika kwa kitambaa, mdomo wake ukaja ubavuni kwa Domitila, baridi.

"Mimi nasoma mpaka mistari ya chini," alisema. "Mlezi wa mbwa. Hana jina, hana umri, hana kabila. Nafasi nzuri. Lete kamba."

"Wenzako wamebeba mchanga."

"Najua. Nilisikia masanduku yalivyotua. Wacha askari wawafuate wao." Akaichukua kamba. "Utasimama karibu nami. Ukisema neno, risasi ya kwanza yako. Ya pili nitampelekea mzee wa moto usiokolea."

Wakatembea kwenda gatini; njiani Domitila akaokota chungu alichokiacha alipoanza kumkimbiza mbwa.

Shaushi, mkubwa wa askari, alikuwa ameshika *Tarishi wa Pwani* lililokunjwa. Askari kumi walikuwa nyuma yake na Mauser zao. Hakuna aliyewahi kumwona Raimundi. Lohse, ambaye angemtambua, alikuwa ameshavuka, yuko ng'ambo akiita jina la mbwa.

"Klementina, mpishi."

"Mimi."

"Panda. Melkiori, dobi."

"Mimi."

Wakapanda mmoja mmoja. Wote saba walimwona mlezi wa mbwa na wote walimjua. Walitazama miguu yao. Aliyekwisha kupata nafasi kwenye orodha haoni vizuri pembeni.

Severini alikuwa amekaa kwenye gogo lake, hatua kumi kutoka gatini, mikono magotini. Hakuitwa. Hakuonekana kungoja kuitwa.

"Mbwa na mlezi wake," shaushi alisoma.

"Mimi, Bwana," alisema Raimundi, kwa unyonge mzuri sana. Mtu angemhurumia.

Domitila alikuwa na chungu kimoja kichwani. Aliambiwa asiseme neno. Hakusema.

Akakiacha chungu kidondoke.

Kilipasuka juu ya jiwe. Kipande kikubwa kikaruka, kikagonga chini mara mbili.

Tok. Tok.

Masikio ya Waldi yakasimama. Kwa wiki sita, sauti ile ilikuwa na maana moja tu hapa duniani. Akavuta. Ukanda ukamtoka shingoni kama pete kwenye kidole cha mgonjwa, na miguu minne mifupi ikaenda mbio moja kwa moja hadi kwenye gogo. Akapanda mapajani kwa Severini, akalamba dole gumba lisilo na kucha.

Raimundi alibaki na kamba na ukanda mtupu.

Shaushi alitazama kamba. Akamtazama mbwa. Akaangua kicheko kirefu, askari nao wakacheka kwa kuwa mkubwa amecheka.

"Mlezi ni yule mzee. Na wewe je? Nani?"

Raimundi alifungua kinywa.

Jina lake halisi lingempa kamba ya aina nyingine, ya shingoni. Jina la uongo lisingekuwemo. Bastola ilikuwa na risasi sita na askari walikuwa kumi. Yeye, aliyepima watu kwa safu, alisimama pale asiwe na hata mstari.

"Mtumishi, Bwana," alisema.

"Jina?"

Raimundi aliangalia gazeti mkononi mwa shaushi.

Shaushi alipitisha kidole gazetini, juu mpaka chini, mpaka kwenye bia. Hakuwa na haraka wala uovu.

"Wewe humo," alisema. Akaichukua kamba mkononi mwa Raimundi. "Rudi nyuma."

Askari kumi walitazama. Bastola ikabaki chini ya kitambaa. Raimundi alirudi nyuma, hatua moja, hatua mbili.

Shaushi akampa Domitila kamba. Alikwenda kwenye gogo, akamfunga mbwa, tundu la kawaida, akamnyooshea baba yake.

"Baba. Shika."

"Nilikwambia sitaki."

"Sikwambii umtumikie. Nakwambia umshike, atatumbukia."

Mzee alitazama mto. Alitazama kisiwa, na mtu mmoja aliyesimama kisiwani peke yake. Kisha akamtazama mbwa.

"Na wewe hukuulizwa," alimwambia.

Akaishika. Akapanda.

Walikuwa nusu ya mto wakati kioo kilipometa mara tatu. Bombom zilisema juu ya vichwa vyao kwa muda wa kuchemsha uji. Ndege wote wa bwawa waliruka. Kisha wakatua. Domitila alikuwa anapiga pondo na hakugeuka. Severini alimziba mbwa masikio.

*

Oktoba.

Vitu vitatu vilikuwa vimeandikwa na *Tarishi wa Pwani* tangu siku ile. Kwamba operesheni ilifana. Kwamba wabeba mchanga sita walikamatwa Michenga. Na kwamba Raimundi, kwa kuwa maiti yenye ndevu haikuonekana, ametorokea kwa Wareno na ni hatari sana. Alipata safu nne. Angefurahi.

Severini alirudi Idete, akawasha moto, ukakolea siku hiyohiyo. Hakumsemesha binti yake juu ya kamba, na hakuna aliyemuuliza, isipokuwa watani, ambao walimwita Baba Waldi mpaka akazoea kurusha makaa.

Domitila aliitwa hemani. Ildefonce alikuwa na gazeti la picha kutoka Berlin.

"Tazama, dada. Ifakara yetu imefika Ulaya."

Picha ilijaza ukurasa. Lohse amesimama Kivukoni na sanduku la mende. Mbele yake Waldi, kifua nje, amemtazama mpiga picha. Kutoka kwa Waldi kamba ilipanda kwenda kulia, na mwisho wa kamba palikuwa na mkono.

Mkono tu. Picha ilikatwa kwenye kiwiko.

Chini paliandikwa jina la Lohse, na jina la mbwa.

"Nani huyu?" Ildefonce aliuliza, akaweka kidole. Dole gumba halikuwa na kucha.

Domitila aligusa lile dole gumba. Nje kioo kilikuwa kinameta.

"Wanakuita," alisema karani. "Mahenge: CHUNGU TATU. Kuna kazi Ruvuma. Wanamtaka Raimundi."

"Waambie nimeondoka kumtafuta."

"Lakini Raimundi si..."

"Gazeti linasema yuko Ruvuma. Wewe na mimi ni nani?"

Alitoa kisu cha Solingen. Akaliweka gazeti sawasawa mezani, akakata, taratibu, kama mtu anayekata ukili. Lohse akabaki mezani pa karani, na sanduku lake. Waldi naye akabaki, kamba imeishia hewani.

Mkono Domitila aliuweka ndani ya chungu chenye matako mawili, katikati, akafunika.

Akainua vyungu kichwani, akatoka juani. Mlima ulikuwa bado unamwita. Akashika njia ya Idete.